Chembe Nzima Tu: Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi Hadubini

Kabla ya tarehe na vyeo, nina jambo la kuungama ambalo sijamwambia mtu yeyote: tangu mwezi wa pili hadi wiki mbili zilizopita, chavua ya mji huu haikuhesabiwa na afisa aliyeajiriwa kuihesabu. Niliihesabu mimi, kwenye meza ya chakula, baada ya shule, sare ikiwa bado mwilini. Na hilo ndilo jepesi. Zito liko mbele, na mwenye sherehe mwenyewe halijui.

Sasa tuanze inavyopasa. Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, saa kumi alasiri, Bi Hadubini anastaafu baada ya kuutumikia mji kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili katika Idara ya Bustani na Hewa. Mimi ni mtoto wa kaka yake, naishi naye tangu darasa la tano. Katibu muhtasi wa idara aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu aliwazungukia wafanyakazi wote, na kila mmoja akamwandikia mstari uleule, "Alikuwa mchapakazi na mcheshi," na wa mwisho akanakili hadi doa la wino la wa kwanza. "Wewe mwanangu unasoma kwa lugha mbili," akaniambia, "hutakosa maneno." Kweli, maneno sikosi. Ninachokosa ni sauti. Nikiitwa kusoma darasani, mwalimu huuliza kama kuna mtu anasoma.

Kwa wasiojua, na ofisini kwake wamo wengi, chavua ni ule unga wa maua ambao miti huupeperusha ili izaane. Ukikuingia puani na mwili wako ukaukataa, unapiga chafya, macho yanawasha, kifua kinabana. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Bi Hadubini alizunguka mitaa mitano akibadilisha vioo vidogo vilivyopakwa mafuta mazito na kubanwa juu ya nguzo fupi zenye kofia ya bati. Chochote kilichopita na upepo kilinasa. Kisha akarudi maabara, yaani kile chumba kilicho nyuma ya ghala la majembe, akadondoshea kila kioo tone la rangi ya waridi, ambayo hushika chavua na kuliacha vumbi lilivyo, akainamia hadubini na kuanza kubonyeza kihesabio chake: tik, tik, tik. Mwisho wa wiki aliandika ripoti ya neno moja kwa kila mtaa: Juu, Wastani au Chini.

Kidole gumba chake cha kulia hakijui likizo. Kwenye arusi ya binamu yangu alikaa kama mgeni wa heshima, kumbe chini ya mtandio kidole kinahesabu watu. Mama wa bibi arusi alipolalamika kwamba chakula kimepungua, shangazi akamtajia idadi ya waliokula mara mbili, pamoja na meza walizokalia. Watatu kati yao hawamsalimii hadi leo.

Kingine cha kusifiwa ni pua yake. Katika jengo ambamo vikao hufunguliwa kwa chafya na kufungwa kwa leso, yeye hajapiga chafya hata moja tangu aajiriwe. Wenzake waliiita pua ya serikali: mambo yanapita mbele yake, yenyewe haishtuki.

Huwezi kumweleza Bi Hadubini bila kumtaja Bwana Miti, mkuu wa upandaji, rafiki yake wa chai ya saa nne. Mti anaoupenda Bwana Miti ni wa aina ambayo dume ni mti wake na jike ni mti wake. Jike huzaa vitunda vinavyodondoka. Mwaka fulani kitunda kimoja kiliangukia gari la Mkurugenzi na kuacha doa jekundu kwenye boneti. Kikaitishwa kikao cha dharura. Tangu siku hiyo barabarani hupandwa madume matupu, na mji umejaa makapera wanaomwaga unga kutwa nzima wakitafuta wachumba ambao idara haikuwapanda. Unga usipompata jike, unapata pua yako. Bwana Miti alipewa cheti cha usafi wa barabara. Alikipokea huku akifuta macho, na watu wakadhani ni furaha.

Sasa tuje Barabara ya Kituoni, mtaa ulioipa idara sifa kuliko yote. Pale mabasi hulala yakiunguruma, dereva amekwenda kunywa chai, injini inaachwa iwake isije ikagoma. Ukipita na shati jeupe asubuhi, unafika shuleni na la kijivu. Miti ya Bwana Miti imepangwa kandokando kama gwaride. Ungetegemea vioo vya pale vijae chavua. Lakini kila mwaka hesabu ya Kituoni ilishuka: Wastani, kisha Chini, kisha Chini sana. Mkurugenzi akavimba kichwa. Akaagiza kibao cha chuma kilichoandikwa MTAA WENYE HEWA RAFIKI, kikapigiliwa misumari kwenye ukuta wa duka la fundi cherehani.

Fundi ni mzee wa makamo ya shangazi, na kifua chake kinapiga mluzi. Kila asubuhi shangazi akibadilisha kioo, fundi humwuliza kutoka mlangoni.

"Bi mkubwa, leo hewani kuna nini?"

"Chini, fundi."

"Chini kabisa?"

"Chini kabisa."

"Haya. Hiki kibao chenu kinasema hewa rafiki. Rafiki wa nani? Maana mimi hatujatambulishwa."

"Fundi, wewe una wasiwasi. Vipimo havidanganyi."

"Basi waambie hivyo vipimo vyako vije vishone na mimi asubuhi moja tu, halafu ndiyo tuongee."

Akienda zahanati, muuguzi hufungua ripoti ya idara, hutazama safu ya Kituoni, kisha humtazama yeye kwa huruma. "Mzee, mtaa wenu hauna chavua. Punguza mawazo." Fundi alipunguza mawazo mpaka akabaki na nusu ya pafu.

Kosa liko wapi? Liko ukutani, juu ya meza ya maabara, kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai: Hesabu chembe nzima tu. Zilizopasuka na zilizochafuka ni uchafu. Kanuni hiyo iliandikwa enzi ambazo Barabara ya Kituoni ilipitwa na baiskeli, na chembe iliyopasuka ilikuwa bahati mbaya ya kioo kimoja. Siku hizi chembe nzima ndiyo bahati. Kitabu chetu cha biolojia, kilichoandikwa kwa ile lugha ya pili, kina ukurasa mmoja kuhusu jambo hili, ukurasa ambao mwalimu aliuruka kwa kuwa hautoki kwenye mtihani. Kinasema moshi wa magari huigandia chavua na kulidhoofisha ganda lake, likapasuka kwa urahisi. Vipande vyake ni vidogo kiasi cha kupita pua na koo bila hodi na kufika ndani kabisa ya kifua. Tena moshi uleule unakuwa umekwisha kuichokoza njia ya hewa, hivyo mwili unakasirika upesi, tena kwa unga kidogo.

Pigeni hesabu wenyewe. Moshi ukizidi, chembe zinapasuka. Zikipasuka zinatoka kwenye hesabu. Zikitoka kwenye hesabu, mtaa unapata kibao. Anayetaka mtaa wake upongezwe, aombe mabasi zaidi.

Msiseme hapakuwa na wa kugundua. Moshi nao unapimwa, ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo, na wapimaji wake wameandika Juu kwa miaka tisa mfululizo. Ila faili la moshi halijawahi kushuka ngazi, na la chavua halijawahi kupanda. Yalipokutana mara moja tu, kwenye meza ya Mkurugenzi, moja likisema Juu na jingine Chini, yeye alitafakari, akakohoa, akaamua: "Tukichanganya, hali ni Wastani." Uamuzi huo umo kwenye kumbukumbu za kikao. Umepigwa mstari.

Sasa narudi kwenye ungamo langu. Mwezi wa pili jicho la kulia la shangazi, jicho la hadubini, liliota ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, apasuliwe. Shangazi akaogopa: ofisi ikijua, wangempumzisha kwa ugonjwa, atoke kwa mlango wa nyuma, bila sherehe, kama aliyefumaniwa. Akaleta nyumbani sanduku la vioo na hadubini kuukuu ya ghalani, akaniweka mezani.

Kioo cha kwanza cha Kituoni nilidhani nimemwagia wino. Kilikuwa cheusi, na ndani ya weusi ule vipande vya waridi vimetapakaa kama sahani iliyoangukia lami.

"Shangazi, hizi zilizopasuka niziandike wapi?"

"Chembe nzima tu, mwanangu." Alikuwa jikoni, kitambaa jichoni.

"Lakini ni nyingi."

"Nyingi ni neno la sokoni. Maabara tunataka namba."

"Basi niihesabu namba yake?"

"Kilichopasuka ni uchafu. Endelea, chai inapoa."

Nikaendelea. Msimu mzima, yaani zile wiki tano za maua ambazo ripoti huzihesabu, vioo thelathini na vitano vya Barabara ya Kituoni, nikapata chembe nzima sitini na moja. Haijawahi kutokea hesabu ndogo hivyo. Mkurugenzi alipoletewa namba alisimama, akampigia shangazi makofi peke yake chumbani, kisha akamwita Bwana Miti: mtaa wenye chavua kidogo namna hii unaweza kubeba miti zaidi. Mia tatu, madume, Kituoni kote hadi lango la shule ya watoto wadogo. Upandaji unaanza Jumatatu ijayo. Mashimo yamekwisha kuchimbwa, na moja liko hatua mbili kutoka mlango wa fundi. Kilichobaki ni kitu kimoja: ripoti ya msimu itiwe sahihi na afisa wa chavua kabla hajaondoka. Bila sahihi hiyo, mti haupandwi. Ripoti iko hapa nyumbani tangu Jumatatu ya wiki hii. Namba iliyomo ndani ni yangu.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kwa fundi, shangazi akapimwe nguo ya sherehe. Mabasi sita yalikuwa yanawaka nje. Fundi alikuwa na pini mdomoni, anapima mkono, anatania kwamba mstaafu hahitaji mfuko kwa kuwa hana tena cha kubeba. Kisha akanyamaza katikati ya neno. Akazitoa pini mdomoni moja moja, taratibu, akaziweka mezani kwa mstari, kama mtu anayepanga vitu vyake kabla ya safari. Midomo ikageuka rangi. Ule mluzi wa kifuani ukakatika, na kukatika kwake kulinitisha kuliko mluzi wenyewe. Shangazi alipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Dereva mmoja wa basi ndiye aliyembeba, nitamtendea haki kwa kulisema hilo, akamkimbiza zahanati na basi tupu.

Fundi yu hai. Wamempa mashine ndogo ya kuvuta dawa na kumkataza kufungua duka kabla ya saa sita mchana. Muuguzi, kwa mazoea, alitaka kufungua ripoti yetu. Shangazi akaweka mkono juu yake. "Iache," akamwambia.  Tulirudi nyumbani kwa miguu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kidole gumba chake kilikuwa kimetulia.

Kuanzia kesho yake nilivitoa vioo vya msimu vya Kituoni kabatini, vyote thelathini na vitano, nikavihesabu upya. Baada ya shule, yeye akiwa bado kazini. Safari hii nilihesabu vipande, kila kilichoshika waridi. Niliweka leso puani kwa sababu pua yangu si ya serikali. Siku sita. Vipande elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Hili ndilo zito nililosema. Sikumwambia, kwa sababu keshokutwa Mkurugenzi atampa cheti kilichokwisha kuchapwa, Kwa Takwimu Safi, na mimi ndiye ninayejua usafi huo umepatikanaje.

Nilipokuwa natafuta pa kuandika namba hiyo, nilifungua chini ya sanduku nikakuta daftari lake la miaka kumi na minane nyuma. Madaftari ya idara yana safu tano, na ya mwisho inaitwa Mengineyo. Kwenye madaftari mengine safu hiyo ni tupu, au ina orodha ya vitu vya dukani. Kwenye hili ilikuwa imejaa. Wiki baada ya wiki, kwa mwandiko wake wa kulala upande, mwaka mzima: vipande, mia na nane. Vipande, mia na arobaini. Vipande, mia mbili na tatu, angalia magari. Mwisho wa mwaka kuna mstari wa wino mwekundu uliokatiza ukurasa wote, na maneno matatu ya Mkurugenzi wa wakati ule: Si kazi yetu. Ukurasa unaofuata, Mengineyo ni tupu. Na unaofuata. Na yote hadi leo.

Kwa hiyo nawaomba radhi wote mliotarajia wasifu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtasimama Ijumaa mseme hajawahi kukosea hesabu. Ni kweli, hajawahi. Mtasema hakuchelewa kazini hata siku moja. Kweli. Hakuna atakayesema kwamba kazi yake bora kuliko zote ni mwaka ule mmoja ambao nyote mliufuta, na kwamba baada yake alijikausha miaka kumi na minane, akamwambia fundi Chini kila asubuhi, ingawa kwa kiasi fulani alikuwa anajua. Naandika yote mawili kwa kuwa yote mawili ni yake. Na mimi sijitoi. Miezi mitano niliviona vile vipande kwa macho yangu mazima, yasiyo na ukungu, nikavipita kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

Tunamshukuru kwa vioo zaidi ya elfu hamsini. Tunamshukuru kwa kuamka. Mimi binafsi namshukuru kwa sare, kwa ada ya shule aliyoilipa kwa macho yake, kwa kunifundisha kwamba "nyingi" si jibu mpaka ujue ngapi.

Bi Hadubini, shangazi yangu, Jumamosi uamke saa utakayo, uende kwenye nguzo yoyote ya mji huu ukaipite tu, mikono mfukoni. Nakuombea jicho jipya, kiti chenye mgongo mzuri, na wageni ambao hutawahesabu.

Leo ni Jumatano, jua linaelekea kuzama. Katibu anazitaka karatasi hizi kesho asubuhi. Tangu mchana nimezificha mara tatu chini ya atlasi kila niliposikia geti. Sasa viatu vyake viko kwenye ngazi, kile cha kushoto kinaburuza kidogo kama kawaida yake akichoka. Sijazificha. Nimezipanga juu ya ile ripoti isiyo na sahihi, ukurasa wa kwanza ukimtazama yeye, herufi nimeziandika kubwa ili jicho lisipate kisingizio. Mpaka Ijumaa saa kumi, bado yeye ndiye mhesabu wa mji huu.

Kitasa kinazunguka. Kalamu nimeiweka upande wake.